Shimo Lililotembea Kigombe

Idi iliyopita mjukuu wangu Zuhura alikuja hapa kwangu Mabawa, Tanga, na kompyuta yake, akaifungua juu ya mkeka, akaniambia, "Babu, tazama, treni imetoka njiani." Nikavaa miwani. Kweli bwana, reli iko pale, nyembamba, imenyooka, na treni iko shambani kwa watu, mabehewa yote yamejipanga vizuri kana kwamba mahindi ndiyo stesheni yake. Zuhura alidhani nitashangaa. Mimi nilicheka mpaka nikaomba maji.

Zuhura anafanya kazi Dar es Salaam, katika ofisi inayosoma picha za rada zinazopigwa kutoka juu kabisa huko. Alinieleza kwamba rada haipigi picha kama kamera. Inatuma mawimbi, inasikiliza yanavyorudi, na kwa kuwa chombo chenyewe kinasafiri, inaunganisha majibu ya safari nzima yawe picha moja. Shida yake ni kwamba inachukulia kila kitu huku chini kimetulia kinaisubiri. Kilichotulia kinaonekana mahali pake. Kinachokwenda kinatupwa pembeni, au kinapakazwa kama wino ulioguswa kabla haujakauka. Nikamwambia, mwanangu, hiyo taabu yenu naijua tangu mama yako hajazaliwa. Akaniomba niwaandikie yeye na wenzake. Basi haya, nawaandikieni, nyinyi vijana mnaotazama ardhi bila kuikanyaga. Mkichoka kusoma, lawama ni za Zuhura.

Sisi hatukuwa na rada. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na ofisi yetu ya ramani ilikuwa katika nyumba kuukuu ya veranda pana kule Raskazone. Tulikuwa na picha za ndege, meza, na macho mawili ya binadamu. Ndege ilipiga picha kama mtu anavyolima matuta: inakwenda mpaka mwisho wa mstari, inageuka, inarudi sambamba na ilikotoka. Na ilipiga kwa kubebanisha, yaani kila mahali pameonekana katika picha mbili zilizofuatana, pamepigwa kutoka sehemu mbili tofauti za anga. Unaziweka mbili hizo chini ya kifaa chenye vioo viwili, sisi tukikiita miwani ya meza. Jicho la kushoto linatazama moja, la kulia linatazama nyingine. Mwanzo unaona ukungu. Halafu, ghafla, ardhi inainuka. Minazi inasimama, mapaa yanachomoza, bonde linashuka mpaka unaogopa kuweka kidole.

Si kila mtu aliweza. Mimi nilikaa na ile miwani majuma mengi naona picha mbili tu, mapua mawili ya mlima mmoja. Aliyenifundisha ni Mzee Mhina, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu wa kanisani, mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi hata nzi angeteleza. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji mkuu wa picha, na sisi wengine tulikuwa tunafuatisha kwa wino alichokwisha kuamua kwa penseli. Aliniambia niache kulazimisha. "Tazama kama mtu aliyechoka kusikiliza hotuba," akasema, "macho yako hapa, wewe huko." Nikafanya hivyo, na siku hiyo hiyo Pongwe yote ikanyanyuka mezani. Nilishtuka nikagonga wino.

Alikuwa na masharti yake, na mengine sijayaelewa mpaka leo. Pilipili alipiga marufuku, ati inalegeza macho. Wenzetu walikuwa wanajificha nyuma ya banda la baiskeli kula mihogo ya nazi na pilipili, watu wazima na ndevu zao. Sharti jingine lilikuwa la maana: kivuli kikuangukie wewe. Ukiziweka picha vivuli vikielekea mbali nawe, akili inageuza mambo, kilima kinakuwa shimo. Na ukibadilisha picha ya kushoto ikawa kulia, ndiyo balaa kabisa. Mwenzetu mmoja, Salehe, alifanya hivyo asubuhi moja baada ya harusi ya dada yake. Akachora miguu yote ya Usambara kama mabonde, na mto Sigi ukapita juu ya vilele. Mzee Mhina aliitazama ile karatasi kwa utulivu, akamuuliza Salehe kama huko wanakooa maji hupanda mlima. Jina la Mto Juu lilimganda Salehe mpaka anastaafu.

Sasa nije kwenye vitu vinavyokwenda, ndiyo hasa mnachokitaka.

Ile miwani ya meza inajua urefu kwa njia moja tu: kitu kilicho juu, karibu na ndege, kinaonekana kimehama zaidi kati ya picha ya kwanza na ya pili kuliko kilicho chini. Ndivyo akili inavyopima. Lakini je, kama kitu kimehama chenyewe, kwa miguu yake? Akili haijui. Inadhani ni urefu. Basi gari linaloikabili ndege, yaani linakwenda kule ndege inakotoka, linaonekana linaelea juu ya barabara. Gari linalokwenda upande mmoja na ndege linaonekana limezama, liko shimoni. Na linalokatiza njia ya ndege halielei wala halizami, linakataa tu kuungana, linakuumiza macho mpaka kichwa kigonge. Tuliona treni ya Tanga inaelea hewani karibu na Muheza, na moshi wake. Tuliona gari la meneja fulani wa mkonge limezama barabarani kama limefukiwa, na wafanyakazi wa ofisi walilifurahia hilo kuliko ilivyostahili.

Amri ya Mzee Mhina ilikuwa fupi: kinachoelea kifute. Ramani ni ya vitu vinavyokaa. Treni itapita, reli itabaki, chora reli. Tukawa tunafuta bila kuuliza. Na alituambia kitu kingine ambacho sote tulikiamini, kwa sababu kilionekana ni akili tupu: mtu wa miguu hana mwendo wa kuisumbua picha. Ndege inakwenda kasi kiasi gani, na mtu anakwenda kasi kiasi gani? Mtu kwa ndege ni sawa na mti. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lilitua Kigombe.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi, kusini ya hapa, ukifuata barabara ya Pangani. Ni kwao mama yangu. Mimi nimezaliwa mjini, lakini mama alipougua mara ya mwisho alirudi kwao, kwa kaka yake, Mjomba Sefu, na huko akafia. Habari ilinifikia ofisini asubuhi, imeletwa na dereva wa lori la mkonge. Nikaondoka na lori jingine lililokuwa linashuka huko, nalo likanishusha barabarani, mbali na kijiji. Mnajua mazishi yetu. Maiti hawekwi. Mjomba alisubiri kadiri alivyoweza, watu wakamwambia jua linapanda, wakanyanyua jeneza. Nilipofika nyumbani nikakuta wanawake tu, wanaume wote wameondoka. Nikashika njia ya makaburini. Nilipofika walikuwa wamemaliza kufukia, mwalimu anasoma talkini. Sikutia hata konzi moja ya udongo.

Mjomba Sefu aliniona nimesimama nyuma ya watu. Alikuwa mkali kwa asili yake, na siku hiyo alikuwa na uchungu wa dada. Baada ya dua alinifuata, akaniambia, mbele za watu, kwamba nimekuja kumzika mama yangu kama mtu anayetoka sokoni. Ningejibu nini, na yeye ni mjomba, na mama ndiyo kwanza amefunikwa? Lakini lilinichoma, na liliendelea kunichoma. Tangu hapo nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba huku anatazama ukuta.

Baadaye, mimi nimeshazoea kazi, meneja wa shamba moja la mkonge aliomba aongezewe ardhi nyuma ya Kigombe. Eneo aliloliomba lilikuwa pori, kwa kulitazama tu, miti mirefu imeshikana. Ndani ya miti hiyo ndimo makaburi ya kijiji yalimokuwa. Si makaburi ya kujengewa. Kilima cha mchanga, kijiti kichwani, kijiti miguuni, mvua mbili za masika zikipita kilima kimelala. Kutoka juu huoni kitu, miti imefunika.

Jumbe wa kijiji alimwambia Bwana Shauri, yaani yule mkuu wa wilaya wa Kizungu, kwamba pale pana makaburi. Bwana Shauri, nisimsingizie, alikwenda kuona mwenyewe. Bahati mbaya alikwenda Shaabani. Kwetu, kabla ya Ramadhani, watu huenda kufyeka makaburini, wakanyanyua vilima vilivyolala na kubadilisha vijiti vilivyooza. Kwa hiyo alikuta makaburi yote yamependeza, udongo mbichi, vijiti vipya. Meneja aliyekuwa naye akamwonyesha: tazama, yote mapya, yote kwa wakati mmoja, wamesikia naomba ardhi wakaja kurundika mchanga. Na kama hapa pangekuwa makaburi ya miaka, kwa nini ramani ya serikali haina makaburi? Ramani ikafunguliwa. Mahali pale palikuwa na pori, njia ya miguu, na alama moja ya shimo la chokaa kandokando ya njia.

Ramani hiyo ilitoka kwetu, nami niliifuatisha bila kuuliza ni mahali gani. Wino ulikuwa wangu, penseli ilikuwa ya Mzee Mhina.

Bwana Shauri akawapa wanakijiji muda mfupi walete ushahidi kwamba walizika pale kabla ya ombi la meneja. Ushahidi gani? Watu wa kule hawazikani kwa karatasi. Kama wasingeuleta, miti ingekatwa, trekta lingepita, na mama yangu angelimwa pamoja na babu zake ili mkonge upandwe. Hilo ndilo lililomleta Mjomba Sefu Raskazone, yeye na jumbe, wamevaa kanzu zao za Ijumaa siku isiyo Ijumaa.

Niliwapokea mimi verandani. Shikamoo mjomba. Marahaba, ukutani. Nikawaingiza kwa Mzee Mhina, nikatafuta viti. Jumbe alieleza yote kwa taratibu. Mzee Mhina akasikiliza, halafu akasema, kwa heshima kabisa, kwamba anawahurumia lakini shimo la chokaa aliliona kwa macho yake. Lilikuwa jeupe, lilikuwa refu kwenda chini. Pwani yote hii watu wanachimba matumbawe wachome chokaa. Akaongeza kwamba lilikuwa refu kuliko mashimo mengine, ila watu wa pwani mkianza kuchimba hamjui kuacha. Huo ulikuwa utani wa Kibondei, siku nyingine wangemrudishia. Siku ile hakuna aliyecheka.

Mjomba Sefu akasema pale hapajawahi kuchimbwa chokaa tangu azaliwe. Kama serikali ilipiga picha, basi picha imeona vibaya, kwa sababu hata siku ndege hiyo inapita wao walikuwepo papo hapo. Ilizunguka juu yao na kelele zake wakati wa mazishi, mpaka mwalimu akalazimika kupaza sauti.

Mzee Mhina akamuuliza ni mazishi ya nani.

"Ya dada yangu," Mjomba akasema. "Mama wa huyu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nawaambieni kweli, ndege mimi sikuisikia siku ile. Ukiniuliza hata leo, sikumbuki ndege.

Mzee Mhina alinyanyuka. Akaenda kwenye kabati, akatoa picha za Kigombe, akasoma tarehe ukingoni. Kila picha ilikuwa na saa ndogo imepigwa pembeni yake, inayoonyesha ilipigwa wakati gani. Mimi nilikuwa mtu wa wino, picha hizo hazikupita mikononi mwangu, tarehe sikuijua. Akaninyooshea niione. Ilikuwa siku ya mama.

Akaziweka mbili chini ya miwani ya meza, akainama. Akakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akaanza kuuliza maswali bila kuinua kichwa. Mnavaaje mkienda kuzika? Kanzu, kofia. Wote? Wenye nazo wote. Mnatembeaje? Mjomba akamweleza kwamba maiti huharakishwa, na jeneza hupokezwa: kila mwanaume anataka thawabu ya kubeba hatua chache, anaingia, anatoka, mwingine anaingia. Kwa hiyo mbele siku zote pana fundo la watu wanaosongamana, na nyuma mkia wa waliokwisha kubeba na wazee. Njia inaelekea wapi? Machweo, kutoka kijijini kuingia porini. Hapo Mzee Mhina akatazama alama ya njia ya ndege. Mstari ule ndege ilikuwa inatoka baharini kwenda bara. Upande mmoja na watu.

Akapima kwa rula yake ya pembe pale fundo lilipo katika picha ya kwanza, na lilipo katika ya pili. Akaangalia zile saa za pembeni. Akapiga hesabu kwenye karatasi, akaipiga tena. Tulikuwa tumekosea vibaya mno. Ni kweli mtu si treni, lakini kati ya picha moja na nyingine mtu mwenye haraka anahama kiasi cha kutosha kabisa kuonekana amezama kina cha mnazi na mnazi mwingine juu yake. Kundi la watu wenye kanzu nyeupe, linaloharakisha upande mmoja na ndege, kwenye miwani lilikuwa sakafu nyeupe ndani ya shimo.

Mzee Mhina akavua miwani yake ya macho, akaifuta kwa leso, akaishika mkononi bila kuivaa.

"Nimechora jeneza la watu," akasema, "nikaliandika chokaa."

Akaniachia kiti nitazame. Nikainama. Mwanzo ukungu, halafu ardhi ikanyanyuka kama kawaida, minazi, mapaa ya makuti, njia. Na kando ya miti lile shimo jeupe, na ndani yake, sasa kwa kuwa nilijua ni nini, vidoadoa na vivuli vyake, fundo mbele na mkia nyuma. Mama yangu alikuwa bado yuko mabegani mwa watu, na kwenye kioo alikuwa amekwisha kushuka chini ya ardhi. Nililia pale pale, juu ya picha za serikali. Mzee Mhina akanisogezea leso yake na kusogeza picha zisilowe, vyote kwa mkono mmoja.

Lakini hiyo peke yake isingetosha, na yeye alilijua hilo kabla yetu. Meneja angesema hao ni vibarua wanaokwenda zao kazini. Ndipo akakumbuka mstari wa pili. Nimewaambia ndege hugeuka ikarudi sambamba, na mistari hiyo huingiliana pembezoni. Sisi, kwa kuokoa muda, sehemu iliyoingiliana tulikuwa tunaisoma mara moja tu, kwenye mstari wa kwanza. Ukingo wa mstari wa kurudi hakuna aliyewahi kuutazama. Akazitoa picha zake. Ndege imekwisha kugeuka huko bara, inarudi kuelekea baharini, dakika kadhaa baadaye. Akainama, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Shimo halikuwepo. Palipokuwa na shimo palikuwa na njia tupu, tambarare. Na mbele yake, kwenye uwazi mdogo ulioachwa na miti, pale ambapo katika picha za mwanzo palikuwa na doa la udongo uliochimbuliwa linangoja, sasa palikuwa na duara la kanzu nyeupe. Hazikuzama wala kuelea, zilikuwa juu ya ardhi barabara, kwa sababu wenye kanzu walikuwa wamesimama. Vibarua hawakimbilii udongo mbichi wakauzunguka.

Mzee Mhina alivaa koti, akazichukua picha zote nne, akaenda kwa mzungu mkuu wa ofisi. Kwake lilikuwa jambo zito. Ramani ilikwisha kuchapwa, na kiti alichokalia kulikuwa na watu waliosema tangu mwanzo kwamba si kiti cha Mwafrika. Angeweza kunyamaza. Aliingia, akafunga mlango, na tulimsikia yule mkuu akipandisha sauti kuhusu karatasi zilizochapwa bure. Baadaye sauti ikashuka. Baadaye mkuu akatoka mwenyewe, akaja kwenye miwani ya meza, akazitazama picha zote kwa utulivu, maana kazi alikuwa anaijua, akasema kwa Kiswahili chake, "Hawa watu, hapana shimo." Akaagiza shimo lifutwe na makaburi yachorwe, na akaandika kwa Bwana Shauri siku hiyo hiyo.

Meneja alipata pori la upande wa pili, hakutoka mikono mitupu. Makaburi na njia yake viliachwa. Hata sasa viko, nendeni mkaone.

Lakini nimeruka kitu, na ndicho kilichonifanya nikubali kuandika.

Kabla Mzee Mhina hajaondoka na picha kwenda kwa mkuu, Mjomba Sefu aliomba naye atazame. Ule mstari wa kurudi, wa duara. Tukamketisha. Akaona ukungu, akalalamika, akaona picha mbili, akalalamika zaidi. Mzee Mhina akamwambia atazame kama mtu aliyechoka kusikiliza hotuba. Mjomba akasema hotuba amechoka nazo tangu za akida wa Mjerumani. Halafu akanyamaza, nikajua ardhi imemwinukia.

Akawa anawatambua, au anajidai anawatambua. Huyu fulani, alikuwa mrefu. Huyu mwalimu. Halafu akauliza, bila kutoa macho kwenye vioo, yule aliye hewani ni nani.

Mzee Mhina akainama kando yake kutazama. Kweli, nyuma ya duara, kule ilikotoka njia, palikuwa na doa moja dogo jeupe, na kivuli chake. Si kanzu, fupi kuliko kanzu. Shati. Na halikuwa njiani. Lilikuwa limepaa, liko juu ya vilele vya miti, peke yake angani. Doa kama hilo, siku nyingine yoyote, tungelifuta.

"Huyo hayuko hewani," Mzee Mhina akasema. "Ndege inarudi, yeye anaikabili. Huyo anakwenda makaburini." Akachukua rula ya pembe, akapima, akaangalia saa za pembeni, akapiga hesabu. Akaipiga tena, kama alivyofanya mwanzo. "Na hatembei. Wale wenye jeneza walikuwa wanaharakisha, na huyu mwendo wake ni zaidi ya mara mbili ya wao. Huyu anakimbia kwa nguvu zake zote."

Mimi nilikuwa nimeshika karatasi ya hesabu. Mjomba alibaki ameinama kwenye vioo, mgongo wake wa kanzu unapanda na kushuka. Kofia ikamdondoka, jumbe akaiokota, hakuipokea.

Alipoinuka alinitazama mimi, si ukuta.

"Shati ulilovaa siku ile," akasema, "lilikuwa jeupe."

Nikamwambia ndiyo, mjomba, la ofisini.

Aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia yake. Wakati wa kuondoka, pale kwenye ngazi za veranda, jumbe amekwisha kutangulia, akanishika mkono akaniambia niombe ruhusa Ijumaa, niende Kigombe nikamtilie mama yangu udongo.

Basi wanangu, sina mafunzo makubwa. Mkiona kitu kiko mahali ambapo hakiwezi kuwapo, treni shambani, shati angani, msikifute upesi. Kiulizeni kwanza kilikuwa kinakwenda wapi. Zuhura anasema siku hizi kompyuta zinakokotoa mwendo wenyewe na kukirudisha kitu njiani. Vizuri. Sisi tulikuwa na rula ya pembe na Mzee Mhina.

Ijumaa ile nilikwenda. Tulipita njia ile ile, mimi na Mjomba, baada ya swala, taratibu, kwa sababu goti lake lilikuwa linamsumbua. Alichota udongo akanipa, nikatia, akachota tena, nikatia, na wa tatu. Halafu tukakaa pale chini. Ndege ingepita saa ile ingetukuta juu ya ardhi, mahali petu.